Hewa ya Makaa na Hesabu ya Metali

Nazungumza nanyi mlioko Lodwar na vitongoji vyake, mlioko Kakuma na Kalobeyei, na ninyi wavuvi, wakaushaji na wachuuzi wa samaki mlioko Kalokol na Longech, pale Ghuba ya Ferguson. Ukiwa na kalamu na karatasi karibu, viweke tayari. Kama huna, vijiwe vya uwanjani vitatosha, kwa maana mbele ya safari tutahesabu.

Nataka tuanzie jikoni. Tangu mti wa mathenge, ambao Waturkana huuita etirae, uenee kando ya mto Turkwel na ufukoni mwa Ziwa Turkana, makaa yake yamekuwa riziki ya familia nyingi. Magunia yanauzwa barabarani, na majiko ya Kakuma, ya wenyeji na ya wakimbizi, huwaka kwa makaa hayo. Sasa tazama jiko linavyofanya kazi. Hewa inayoingia chini hukutana na kaboni ya makaa na kuzaa kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu hunyang'anywa oksijeni moja, na kinachobaki ni kaboni monoksidi: atomu moja ya kaboni, atomu moja ya oksijeni. Ile miali ya buluu inayocheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Isiyowahi kuungua hutoka na kuingia nyumbani.

Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ubaya wake uko katika jambo moja, nalo ni kupendana na metali. Damu yetu ina hemoglobini, na kila molekuli ya hemoglobini imebeba atomu nne za chuma. Kazi ya chuma hicho ni kuishika oksijeni kwenye mapafu na kuiachia mwilini inakohitajika. Kaboni monoksidi inapoingia hukaa mahali pa oksijeni, na chuma huishika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaendelea kuvuta pumzi, mapafu yake ni mazima, lakini damu haina tena nafasi ya kubeba kile anachokivuta.

Kwa hiyo, kabla sijaenda mbele, naomba tusikilizane hapa. Upepo wa vumbi ukikulazimisha kupikia ndani, au mvua ikikukuta, acha mlango na dirisha wazi. Usilale na jiko la makaa chumbani, hata kama makaa yamefunikwa majivu. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, wakasikia kizunguzungu na kichefuchefu, usiseme ni uchovu wa jua. Watoe nje kwenye hewa safi mara moja na uwapeleke hospitali, kwa kuwa huko watapewa oksijeni kwa wingi ili iisukume gesi hiyo itoke kwenye chuma cha damu.

Msikilizaji, nguvu hiyo hiyo ya kushikana na metali, inayoua ndani ya chumba kilichofungwa, imewapa wakemia mojawapo ya nyenzo kubwa walizowahi kuwa nazo. Kwa kaboni monoksidi wameweza kukusanya atomu za metali tatu, nne, sita, hata kumi na zaidi, zikashikana kwa umbo maalumu kama kishada. Wameweza pia kuchanganya metali za aina mbalimbali ndani ya kishada kimoja, chuma pamoja na kobalti, rutheniamu pamoja na paladiamu. Na ninachotaka ubaki nacho leo ni hiki: mlango wa kuingilia elimu hiyo ni hesabu ya kujumlisha na kugawanya. Mwanafunzi wa sekondari wa Kalokol anaweza kuuingia leo, na ninaamini kwa dhati kwamba anapaswa kuuingia.

Tuulize kwanza, kwa nini gesi hii ina tabia hiyo? Maji ya ziwa letu yana magadi, ndiyo maana yana ladha ile na ndiyo maana sabuni ndani yake ina tabia yake. Katika magadi, kila atomu ya kaboni imekwisha kupata oksijeni tatu. Imetulia. Katika kaboni monoksidi, kaboni ina oksijeni moja tu, na upande wake wa pili imebakiwa na elektroni mbili zisizo na kazi. Inapoikaribia atomu ya metali kama chuma au nikeli, huipa elektroni hizo mbili. Metali nayo haipokei tu. Metali hizi zina elektroni zao za ziada, na huzirudisha kiasi kwenye nafasi tupu zilizoko ndani ya ile gesi. Basi kila upande unatoa na kila upande unapokea, na kifungo kinakazwa mara mbili. Gesi ikishafungwa na metali kwa namna hiyo tunaiita kabonili.

Afrika Mashariki haikukutana na uhusiano huu juzi. Karibu miaka 2,000 iliyopita, mababu wa Wahaya kule Kagera, Tanzania, walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri za udongo zilizojazwa makaa. Aliyekuwa akifanya kazi ndani ya tanuri ile ni kaboni monoksidi: ndiyo iliyouvua udongo wenye madini oksijeni yake na kuacha chuma kitupu. Wahunzi hawakuwa na jina hilo, lakini walijua kiasi cha makaa na kiasi cha kuvukuta. Elimu ya kaboni na chuma ina mizizi katika ardhi hii, na watu waliilinda na kuirithisha kwa vizazi.

Kilichokuja baadaye, huko Ulaya, ni kuikamata molekuli yenyewe. Mwaka 1890, Ludwig Mond akiwa Uingereza na wasaidizi wake Carl Langer na Friedrich Quincke, walitangaza kwamba wamepitisha kaboni monoksidi juu ya nikeli iliyopashwa moto kidogo, na nikeli ikapotea. Ilikuwa imeshikwa na kabonili nne, ikawa kimiminika kisicho na rangi kinachochemka kwenye nyuzi 43 za Selsiasi. Fikiria hilo, wewe uliyeko Lodwar, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi. Metali nzito, ngumu, imegeuzwa kuwa kitu ambacho kingekaribia kuchemka kivulini kwetu. Ukiupasha mvuke wake joto la nyuzi 200 na zaidi, gesi inaachia na nikeli safi inabaki. Kiwanda cha Clydach, huko Wales, kilianza kusafisha nikeli kwa njia hiyo mwaka 1902, na njia hiyo imedumu hapo kwa zaidi ya karne. Mvuke huo ni sumu kali mno, kwa hiyo hufanyiwa kazi ndani ya mitambo iliyofungwa kabisa.

Sasa shika kalamu. Kwa nini nikeli ilichukua kabonili nne, wala si tatu wala tano? Fungua jedwali la elementi, lile linalobandikwa ukutani darasani, lenye safu 18. Nikeli iko safu ya 10, kwa hiyo ina elektroni 10 za nje. Kila kabonili inaleta 2. Kumi ukijumlisha na nane unapata 18, na kwa metali za katikati ya jedwali 18 ndiyo namba ya utulivu. Chuma kiko safu ya 8. Ili kifike 18 kinahitaji 10, yaani kabonili tano. Na kweli, kabonili ya chuma iliyopatikana mwaka 1891 ina kabonili tano. Hesabu imekubali.

Kobalti iko safu ya 9. Hapo ndipo jambo linapokuwa tamu. Tisa ni witiri. Ukiiongezea mbilimbili, utapata 11, 13, 15, 17, kisha 19, lakini 18 hutaipata kamwe. Kobalti moja peke yake na kabonili zake haiwezi kutulia. Inafanyaje? Inatafuta kobalti mwenzake. Kila moja inafika 17, kisha zinashirikiana elektroni moja moja, na kila moja inahesabu 18. Kifungo cha metali kwa metali kimezaliwa, na kimezaliwa kwa sababu ya upungufu wa elektroni moja. Hiki ndicho chanzo cha vishada vyote nitakavyovitaja: metali hushikana zenyewe kwa zenyewe pale ambapo kabonili peke yake haitoshi kufikisha hesabu.

Tuchukue chuma tatu na kabonili kumi na mbili, kampaundi ya rangi ya kijani iliyokoza ambayo James Dewar na Humphrey Jones waliipata mwanzoni mwa karne ya 20. Chuma tatu zinaleta 24, kabonili kumi na mbili zinaleta 24. Jumla ni 48. Ili kila chuma kifike 18 tunahitaji 54. Tumepungukiwa 6, na kila kifungo kati ya metali mbili huziba pengo la 2. Sita gawanya kwa mbili ni tatu. Vifungo vitatu kati ya metali tatu ni pembetatu. Wakemia walihangaika kwa miongo mingi kulithibitisha umbo hilo kwa eksirei, mpaka miaka ya 1960, kwa kuwa fuwele zake hazikai kwa mpangilio ulionyooka. Hesabu ya dakika moja ilikuwa inalionyesha.

Sasa tuingie kwenye kuchanganya. Huko Italia alikuwepo mkemia aitwaye Paolo Chini, mtu aliyejitolea maisha yake kwa vishada hivi. Mwaka 1960, yeye na wenzake walitangaza kishada chenye chuma moja na kobalti tatu, kabonili kumi na mbili, na haidrojeni moja. Kwa nini haidrojeni? Kishada cha kobalti nne na kabonili kumi na mbili kilikuwa kinajulikana, nacho kina elektroni 60: kobalti nne zinaleta 36, kabonili zinaleta 24. Ukiondoa kobalti moja yenye 9 na kuweka chuma chenye 8, umepoteza elektroni moja. Lazima ilipwe. Haidrojeni inakuja na elektroni yake moja, na jumla inarudi 60. Kwa metali nne utulivu wa kila moja ungehitaji 72, pengo ni 12, vifungo ni sita. Metali nne zenye vifungo sita ni piramidi ambayo kila uso wake ni pembetatu: kobalti tatu zimekaa chini na chuma kimekaa kileleni.

Tazama sheria inayojitokeza. Ukibadilisha metali kwa jirani yake wa safu ileile, kwa mfano kobalti kwa rodiamu, hulipi kitu. Ndiyo maana kipo kishada chenye kobalti mbili na rodiamu mbili, nacho kina kabonili kumi na mbili vilevile. Ukihama safu moja kwenda kushoto unadaiwa elektroni moja, na deni hulipwa kwa haidrojeni au kwa chaji hasi. Kwa sheria hiyo mkemia anaweza kukaa mezani akaorodhesha vishada ambavyo havijawahi kutengenezwa, akajua vipi vina matumaini na vipi vya kuachwa, kabla hajafungua chupa hata moja.

Kuvitengeneza kwenyewe ni kazi ya subira. Chini aliipasha joto la wastani kabonili ya kobalti pamoja na kabonili ya chuma ndani ya asetoni, kikatoka kishada chenye chaji hasi, kisha akaongeza tindikali ili haidrojeni ikae mahali pake. Njia nyingine ni kuchukua kishada kilichokamilika na kukipa kipande cha metali nyingine chenye elektroni za ziada, vikaungana. Kazi nyingi hufanyika ndani ya vyombo vya kioo vilivyojazwa naitrojeni, kwa sababu nyingi kati ya kampaundi hizi huharibiwa na oksijeni na unyevu wa hewa. Kinachotoka mara chache ni kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa rangi, na rangi hizo humsaidia mtenganishaji: kishada cha osimiamu tatu ni cha manjano, cha rutheniamu tatu ni cha rangi ya chungwa, cha kobalti nne ni cheusi. Kisha hupimwa kwa miali ya infraredi, ambayo huonyesha kama kabonili imeshikwa na metali moja au imekaa darajani kati ya metali mbili, na mwisho kwa eksirei, ambayo huonyesha kila atomu iko wapi.

Ila ile hesabu ya 18 ina mahali inapoyumba. Kishada cha rodiamu sita na kabonili kumi na sita kina elektroni 86. Utulivu wa kila moja ungehitaji 108. Pengo ni 22, kwa hiyo vifungo 11. Lakini umbo lililoonekana kwa eksirei mwaka 1963 lina pembe sita na kingo 12. Ukingo mmoja wa ziada umetoka wapi? Jibu lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi za Kenneth Wade na Michael Mingos: katika vishada vikubwa, elektroni hazimilikiwi na ukingo mmoja mmoja, ni mali ya kishada kizima.

Na hapa nafika kwa mtu ambaye jina lake napenda lijulikane Turkana. Anaitwa Profesa Enos Masheija Rwantale Kiremire, mkemia mwenye asili ya Uganda, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Namibia, mjini Windhoek. Katika muongo wa 2010 alichapisha makala nyingi, moja baada ya nyingine, akionyesha kwamba vishada vya kabonili vinaweza kupangwa katika mifululizo ya namba. Kwa kazi hiyo hakuhitaji mashine ya eksirei. Alihitaji orodha ya vishada vilivyokwisha kupimwa na wengine, kalamu, na jicho la kuona mpangilio ambao wengi walipita bila kuutazama. Aliuliza swali la mwanafunzi wa shule ya msingi: ukigawanya, baki ni ngapi?

Njia yenyewe unaweza kuifanya kwa vijiwe, kama wazee wachezavyo bao chini ya mti. Kila metali ni shimo moja. Hesabu elektroni zote za kishada, kila elektroni kijiwe kimoja, kisha weka vijiwe 14 katika kila shimo. Tazama vilivyobaki mkononi. Vikibaki 2, kishada kimefungwa: idadi ya pembe za umbo ni idadi ya metali zenyewe. Vikibaki 4, chukua umbo lenye pembe moja zaidi ya metali zako, kisha uondoe pembe moja. Vikibaki 6, chukua umbo lenye pembe mbili zaidi, uondoe mbili.

Tujaribu. Rodiamu sita, elektroni 86. Kumi na nne mara sita ni 84, baki 2. Umbo limefungwa, pembe sita, nyuso nane. Sawasawa na eksirei. Kipo kishada cha chuma tano, kabonili kumi na tano, na atomu moja ya kaboni iliyokaa katikati yake, ambayo huchangia elektroni zake nne. Chuma zinaleta 40, kabonili 30, kaboni 4, jumla 74. Kumi na nne mara tano ni 70, baki 4. Basi chukua lile umbo la pembe sita, ondoa pembe moja, unabaki na piramidi yenye kitako cha mraba. Ndivyo kilivyo. Na zile chuma tatu za mwanzo: 48 toa 42, baki 6. Chukua umbo la pembe tano, ondoa mbili, unabaki na pembetatu. Hesabu haikujali kama metali ni za aina moja au zimechanganywa, na ndiyo sababu ni nyenzo nzuri hasa kwa vishada vya metali mchanganyiko.

Utaniuliza, vishada hivi vinatufaa nini? Faida yake kubwa iko kwenye vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kemia bila vyenyewe kuliwa. Metali moja inaweza kuwa hodari wa kushika molekuli lakini mzito wa kuiachia. Nyingine inaachia upesi lakini haishiki vizuri. Zikikaa bega kwa bega, moja inafanya kazi ambayo nyingine haiwezi. Mwaka 1996 kampuni ya BP ilitangaza njia ya kutengeneza asidi ya asetiki kutokana na methanoli na kaboni monoksidi kwa kutumia iridiamu ikisaidiwa na rutheniamu. Iridiamu ndiyo inayojenga molekuli. Kabonili ya rutheniamu huiondolea iridiamu iodini inayoizuia. Asidi hiyo huingia katika gundi, rangi na vitambaa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, Brian Johnson na John Meurig Thomas huko Uingereza waliingiza vishada vya rutheniamu pamoja na paladiamu, shaba au fedha ndani ya vitundu vidogo mno vya silika, wakavipasha moto taratibu. Kabonili ziliondoka, na ndani ya vitundu zikabaki chembe za metali mbili zilizochanganyika kwa uwiano uleule wa kishada cha mwanzo. Huwezi kupata uwiano safi namna hiyo kwa kukoroga chumvi mbili za metali na kuomba zichanganyike.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Machi 2012, kisima cha Ngamia-1 kusini mwa Turkana kilionyesha mafuta. Mafuta hayo ya Lokichar yana nta nyingi, huganda yasipopashwa moto. Agosti 2019 shehena ya kwanza iliondoka Mombasa kwenda ng'ambo ikiwa ghafi, kwa sababu kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilikwisha kuacha kusafisha tangu 2013. Kuyageuza mafuta ghafi kuwa petroli nzuri kunahitaji vichocheo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 vingi kati ya vichocheo hivyo ni vya metali mbili, platinamu pamoja na reniamu. Vichocheo vya namna hiyo vilisaidia dunia kupata petroli yenye nguvu bila kuongeza risasi, ile sumu ambayo Kenya ilikuwa imeachana nayo mwanzoni mwa 2006. Mafuta yako chini ya miguu yetu, na elimu ya kuyageuza inazungumza lugha ya metali mchanganyiko. Asiyeijua lugha hiyo atauza ghafi na kununua kilichosafishwa.

Najua yupo atakayesema, tuletewe kiwanda kwanza, elimu itafuata. Huyo namwonyesha Kalokol. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norwe, kilijengwa pale kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki wa Ghuba ya Ferguson. Jengo zuri, mashine nzuri. Lakini gharama ya umeme wa kugandisha katika joto lile ilishinda thamani ya samaki, na kabla miaka mingi haijapita maji ya ghuba yenyewe yakarudi nyuma, samaki wakatoweka. Wazee wa Longech walijua kwamba ghuba hiyo huja na kuondoka. Mashine zilifika kabla ya mazungumzo na wenye kuijua ghuba, na kabla ya vijana wa hapa kufundishwa kupima na kukokotoa. Kosa hilo tusilirudie katika mafuta, wala katika jambo jingine lolote litakalokuja.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, walimu wa kemia wa Lodwar, Kalokol na Kakuma, msingojee maabara ikamilike. Maabara tunaihitaji na tuendelee kuidai, lakini hesabu ya kabonili inahitaji jedwali la elementi na ubao. Ifundisheni kama sehemu ya somo la mpangilio wa elektroni, mwanafunzi aone kwamba zile namba anazokariri zinaamua umbo la kitu halisi. Pili, ndugu zetu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana pale Lodwar, kazi ya Profesa Kiremire imechapishwa na inasomeka. Mfanyeni kijana ajue kwamba mtu wa Afrika Mashariki amekaa na swali ambalo Ulaya na Marekani zililishughulikia kwa karne nzima, akaleta njia yake mwenyewe. Tatu, wazazi, mtoto anapowauliza kwa nini tusilale na jiko ndani, msimwambie tu kwamba ni hatari. Mwambieni kuhusu chuma kilicho katika damu yake. Mtoto anayejua sababu atamkumbusha hata mgeni.

Namaliza kwa kuwaachia zoezi, na nawasihi mlifanye leo, wenye kalamu kwa kalamu na wenye vijiwe kwa vijiwe. Kipo kishada cha metali mchanganyiko chenye chuma moja, rutheniamu tatu, kabonili kumi na tatu na haidrojeni mbili. Chuma na rutheniamu zote ziko safu ya 8. Kila kabonili inaleta 2, kila haidrojeni inaleta 1. Jumlisha, weka 14 kwa kila metali, tazama baki, kisha uchore umbo. Wakemia walilithibitisha umbo hilo kwa eksirei miongo mingi iliyopita. Mchoro wako ukikubaliana na wao, utakuwa umelifikia jibu lilelile kutoka hapa Turkana, kwa akili yako na mikono yako.